Siku yangu kati ya meza namba 9 na dirisha la jiko

Mama yangu akiulizwa kule Tanga kwamba binti yake anafanya kazi gani Dubai, hujibu: "Anabeba sahani hotelini." Ni kweli nabeba sahani. Ila naomba leo mniandame tangu asubuhi, muone na kile kinachobebwa pamoja na sahani.

Saa 3:30 asubuhi. Naamka Al Quoz, mtaa wa hapa Dubai, chumba cha watu wanne, vitanda vya ghorofa. Wawili wameshaondoka kwenda zamu ya kifungua kinywa. Nakuta sauti ya mama kwenye WhatsApp, maana kupigiana simu kwa WhatsApp huku hakuwezekani, tunarekodiana. "Mwanangu, umeamkaje? Hivi hao wageni wako bado wanakula samaki mbichi?" Namrekodia: "Shikamoo mama. Wanakula. Na samaki mwenyewe ni jodari, yuleyule wa soko la Deep Sea, hapo Tanga."

Nimekulia karibu na soko hilo. Jodari nilimjua akikatwa minofu, akatiwa nazi na ndimu, basi. Hapa nimemjua upya. Nyama nyekundu ya mgongoni ina jina lake na bei yake, na ya tumboni yenye mafuta, toro, ina bei inayonifanya niishike ile sahani kwa mikono miwili.

Saa 5. Basi la wafanyakazi, geti la nyuma, ukaguzi wa begi, sare kutoka dobi, nywele kubanwa, kucha kukaguliwa. Mgeni wa hoteli hapiti huku hata siku moja.

Saa 6:30 mchana. Tunafungua. Meza saba, wengi wafanyabiashara wenye haraka. Saa 9:30 tumemaliza. Kwenda nyumbani na kurudi kunakula muda wote wa mapumziko, kwa hiyo najilaza chumba cha kubadilishia nguo, miguu juu ya kiti.

Saa 11 jioni. Kikao cha kabla ya zamu. Hiki nakipenda. Mkahawa wetu unapika chakula cha Kijapani kilichochanganyika na cha Peru, na mgeni akikuuliza kwa nini samaki wa Kijapani anamwagiwa ndimu na pilipili ya manjano, huwezi kumjibu kwa tabasamu peke yake. Mwaka 1899 meli ya Sakura Maru ilishusha Wajapani 790 katika bandari ya Callao, Peru, wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Wajukuu zao ndio walioendeleza upishi huu: samaki anakatwa vipande vyembamba kama sashimi, yaani samaki mbichi wa Kijapani, kisha anatiwa ndimu dakika ile ile anayopelekwa mezani. Mpishi wetu mkuu anatoka Lima, na akisimulia habari hii huweka kisu chini kwanza.

Tunaonjeshwa vya siku hiyo. Mimi sionji vyenye sake, pombe ya mchele ya Kijapani, na hakuna anayenilazimisha. Nanusa, nauliza, naandika kwenye kijidaftari. Samaki wetu maarufu, yule mweupe mwenye mafuta, hulazwa siku mbili tatu ndani ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa), sukari, sake na mirin. Sake na mirin zote ni pombe. Kwenye menyu chakula cha aina hiyo kina alama, lakini nani anasoma alama akiwa na njaa? Mwislamu mwenzangu akikaa mezani kwangu namwambia kwa mdomo wangu kabla hajaagiza. Hilo nahesabu ni amana.

Saa 12:30. Magharibi naswali chumba cha wafanyakazi, kisha nafuta glasi. Glasi inashikwa kwenye mguu, inainuliwa hadi kwenye taa, inazungushwa polepole. Alama ya kidole hata moja, inarudi.

Saa 1 usiku. Milango inafunguliwa. Mgeni akiingia, jiko zima linapaza sauti: "Irasshaimase!" Maana yake ni karibu. Mnepali, Mfilipino, Mhindi, Mganda, mimi Mtanga, wote kwa pamoja. Nikichoka kiasi gani, sauti ile hunisimamisha wima.

Meza namba 9 iliwekewa nafasi saa 2, watu sita. Walifika saa 2:50.

Mwenyeji wao alikaa, akaisukuma menyu pembeni, akaniagizia orodha nzima kichwani mwake. Nikauliza ninalouliza kila meza, siku zote: kuna mwenye mzio wa chakula chochote? Akapunga mkono. "Hakuna. Sote tunakula kila kitu. Lete."

Niliwatazama nyuso mmoja mmoja. Mama mmoja mwishoni mwa meza alikuwa ameinamia kitambaa chake, anakikunja ncha na kuikunjua. Nikaweka moyoni.

Nilipompelekea samaki wa kwanza, hamachi, samaki wa ukoo wa kolekole, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Humu mna kamba?" Nikamwambia hamna. "Kaa je?" Nikainama karibu yake. "Samahani madamu, una aleji?" Akatazama upande wa mwenyeji kabla ya kunijibu. "Kamba na kaa. Usijisumbue, tempura ya mboga imeagizwa, nitakula hiyo."

Basi hapo ndipo kazi yangu ilipo. Tempura ni chakula kilichochovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Boga, bilinganya, uyoga, mtu anaona mboga tupu. Lakini karai lile limekaanga kamba tangu saa moja, unga uleule, koleo lilelile, na kilichotoka kwa kamba hubaki ndani ya mafuta. Mwenye mzio mkali hahitaji kula kamba mzima. Dakika chache baada ya kumeza koo linaweza kuanza kufunga.

Nilimfuata mwenyeji, nikamweleza kwa adabu yote niliyofunzwa na mama yangu na hoteli. Akacheka na wenzake. "Boga. Boga lina kamba wapi?" Nikarudia habari ya mafuta. Akapiga vidole, hivi, mbele ya uso wangu: "Wewe kazi yako ni kuleta. Leta." Nikamwambia nitaleta, ila si kutoka karai lile, na itachukua muda. "Niitie meneja."

Meneja akaja, akasikiliza pande zote mbili, akasema mhudumu amesema sawa. Sikutarajia kingine, lakini magoti yangu yalikuwa yanatetemeka, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jikoni nilikuta wakati mbaya kuliko wote. Tiketi zimejaa kwenye reli. Kijana wa tempura, Mnepali, aliisoma karatasi yangu, akafumba macho nusu sekunde, akainuka. Sufuria safi, mafuta mapya, bakuli jipya la unga, ubao mwingine, kisu kingine, glavu. Msaidizi wa mpishi mkuu akasoma kwa sauti: meza tisa, kiti cha sita, hakuna kamba, hakuna kaa. Jiko zima likajibu "Hai!", ndiyo kwa Kijapani. Mafuta mapya hayachemki kwa kuamrishwa. Na sahani ya mzio haipewi mkimbiza sahani; mhudumu wa meza ndiye anayeisubiri dirishani na kuibeba kwa mikono yake.

Nikaenda na kurudi sijui mara ngapi. Meza 7 wanataka maji. Meza 11, baba na mama wa Kiomani na watoto wao, wananiuliza kuhusu yule samaki wa miso; nikawaambia ana pombe, wakanishukuru, nikawachagulia mwingine wa kuchomwa kwa chumvi. Meza 12 wana sherehe ya kuzaliwa na keki haijatoka. Kila nikipita meza 9 mwenyeji ananionyesha saa yake ya mkononi. Mara ya tatu hakuniangalia hata usoni, alinyoosha tu mkono na ile saa. Nikasema "Samahani, inakuja," na nilikuwa nimeshaisema mara nyingi mpaka maneno hayakuwa na ladha.

Dakika 18. Nikaiweka mbele ya yule mama kwanza, nikamwambia polepole: "Hii ni ya kwako peke yako. Mafuta mapya, kila kitu kipya." Akachukua kipande cha boga kwa vijiti, akala, akachukua kingine.

Baadaye, sijui ilikuwa saa ngapi, alinikuta kwenye korido ya msalani. Akafungua mkoba, akanionyesha kalamu mbili za sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, zimelala kando ya rangi ya mdomo. "Sikutaka kumharibia jioni yake," alisema. "Ni bosi wangu." Nikamwambia akija tena aniambie mlangoni, mimi ndiye nitakayekuwa msumbufu.

Mwenyeji alilipa, akaandika kwenye karatasi ya maoni kwamba huduma ni ya kuchelewa.

Baada ya hapo saa zilipotea. Tulifunga, tukafuta, tukakunja vitambaa vya kesho, tukahesabu vijiti. Simu yangu ilihesabu hatua 19,000. Kwenye basi hakuna aliyezungumza. Kijana wa tempura alikuwa kiti cha mbele, kichwa kwenye kioo, mkono wake umeungua alama nyekundu karibu na kifundo. Tuliposhuka nikampa ile dawa ya mafuta ninayotembea nayo, akanirudishia kopo, akasema, "Dada, kesho mapema."

Nilifika chumbani, nikaloweka soksi, nikaweka miguu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Nikamrekodia mama kwa kunong'ona, nikamsimulia habari ya mafuta na kamba, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa sijamaliza pale mwenzangu wa kitanda cha juu alipozima kengele yake na kuanza kushuka ngazi, anawahi zamu ya kifungua kinywa.