Siku moja na utingo wa Moshi: gari lisirudi nyuma

Saa kumi na nusu alfajiri nimeshashika ndoo na kitambaa, ninafuta vumbi la jana kwenye vioo vya Coaster yetu katika stendi kuu ya Moshi. Mimi ni utingo wa njia ya Arusha, kilomita 80 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na ninaandika haya kwa sababu wengi wanadhani kazi yangu ni kupiga kelele na kusahau chenji kwa makusudi. Kelele sizikatai. Lakini sehemu kubwa ya siku yangu huishia katika kubembeleza hofu za watu, na hofu hazilipiwi nauli.

Saa kumi na moja anafika dereva, mtu mzima asiyependa maneno, ambaye hapandi kabla hajaligonga kwa kiatu tairi la mbele la kulia. Sina haki ya kumcheka, maana noti ya abiria wa kwanza huiweka peke yake katika mfuko wa shati na siigusi hadi jioni.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini, siti ikiwa imebaki moja, akafika bibi aliyejifunga khanga mbili, mkononi ana kikapu cha ndizi mbivu kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hili gari mtalitoaje hapa?”

Tulikuwa tumeegesha uso kwa uso na gari la Rombo, kwa hiyo nikamjibu kweli: tutarudi nyuma, kisha tukate kona kuelekea getini. Akaurudisha chini mguu aliokuwa ameshauweka kwenye ngazi.

“Basi nitawangoja huko nje. Gari linaloanza safari kwa kurudi nyuma siliingii.”

Nikamweleza kwamba msimamizi wa stendi hataki abiria wapandie nje ya mstari, na kwamba faini ingenitoka mimi. Nikamkumbusha kwamba anakwenda uwanja wa ndege wa KIA kumpokea mjukuu wake, na kwamba ndege ingetua yeye akiwa bado stendi.

“Ndege ipi?” akaniuliza. “Hiyo ya mjukuu wangu itatua tu. Mimi ninaogopa ile nyingine.”

Alikuwa amenishinda kwa neno langu mwenyewe, kwa sababu kwa wazee ndege ni fali pia: mtu akijikwaa mlangoni, au akirudia kitu alichokisahau nyumbani, husema amepata ndege mbaya, na wapo wanaoahirisha safari hadi kesho yake. Ningeweza kumwacha, kwani siti moja haiui hesabu. Tatizo ni kwamba mama mwenye mtoto mchanga alikuwa amesikia kila neno, naye akaanza kukusanya mikoba yake. Kijana wa siti ya nyuma akatangaza kwamba ushirikina ndio unaoturudisha nyuma, kauli ambayo kwa wakati ule haikumsaidia mtu. Dereva akazima injini, akanitazama kwenye kioo, akanionyesha kwa kidevu lile gari la Rombo. Likiondoka lile, sisi tungetoka moja kwa moja bila kurudi nyuma hata hatua moja. Lakini lilikuwa na abiria kumi na mmoja tu.

Ndipo mimi, utingo wa Arusha, niliposimama katikati ya stendi nikapiga debe la Rombo. “Himo, Mwika, Mkuu, Tarakea!” niliita mpaka sauti ikakwaruza. Wapiga debe wenye eneo lao walinijia juu wakidhani ninawanyang’anya riziki, na nilipowaeleza walicheka wakanisaidia, ingawa mmoja alidai kwanza hela ya soda. Nilibeba magunia mawili ya vitunguu ambayo hayakunihusu, nikampandisha mwanafunzi na tranka lake, nikamfuata mzee aliyekuwa anakunywa chai na kumwahidi siti ya dirishani katika gari lisilo langu. Abiria wangu wawili walishuka, nikawarudishia nauli bila kubishana. Bibi alikaa kwenye jiwe, kikapu magotini, ananitazama kana kwamba ameniajiri yeye.

Saa moja na dakika tano gari la Rombo liliondoka. Bibi akapanda, mguu wa kulia mbele.

Kwenye mteremko wa daraja la Kikafu gari zima hunyamaza, na leo hata yule kijana wa nyuma aliishika siti ya mbele yake kwa mikono miwili. Boma Ng’ombe tulipata wawili wa kuziba pengo. Njia panda ya KIA bibi alifungua fundo la khanga, akanilipa nauli kamili na ndizi mbili juu yake, akapanda bodaboda bila kuuliza bei.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Tulishusha, tukapakia, tukarudi, mvua ikatunyeshea Maji ya Chai, miguu ikavimba ndani ya viatu. Kuchelewa kwa asubuhi kulitupotezea zamu Arusha, tukaenda na kurudi mara mbili badala ya tatu, na hesabu ya tajiri ikapungua. Ile noti ya abiria wa kwanza ikatoka mfukoni kwenda kujazia.

Usiku, uani kwa tajiri, gari hulazwa likiwa limeelekea geti, kwa hiyo ni lazima lirudishwe nyuma. Siku zote huwa nimening’inia mlangoni, ninapiga bati kumwongoza dereva. Leo nilikuwa nimeshashuka, nikamwongoza nikiwa chini, naye hakuniuliza kwa nini.