Siku Nne Ndani ya Hiace, Tabora hadi Kigoma

Tulipofika Kaliua jua lilikuwa linazama, na mke wangu alipofungua sanduku la nguo alikuta asali imemwagika. Dumu la lita 5 tulilonunua sokoni Tabora tulikuwa tumelilaza ubavu juu ya mashuka, na kipande kifupi cha barabara ya changarawe kilitosha kulegeza mfuniko wake. Tulifua hadi saa sita usiku, tena kwa kubania maji, kwa kuwa yote tuliyokuwa nayo ni madumu mawili ya lita 20.

Gari lenyewe ni Hiace iliyostaafu kazi ya daladala, nami niliing'oa viti vyote vya abiria ili tuweze kulala ndani. Fundi seremala alitamani kitanda kiwe cha mninga, na kweli mbao za mninga wa Tabora zinavutia sana, lakini ni nzito. Nikamwomba atumie plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu nyepesi. Kitanda kina urefu wa sentimita 190 na upana wa 120, na uvunguni mna nafasi ya masanduku sita ya plastiki yanayovutwa kwa mlango wa nyuma. Maji, zana na betri ya pili niliviweka sakafuni, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa sababu mzigo ukikaa juu gari huyumba kwenye kona, na ukirundikwa nyuma kabisa huyapunguzia uzito magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayofuata usukani. Upande huo nilikuwa nimeufikiria vizuri. Nisichokifikiria ni namna vitu vitakavyokaa ndani ya masanduku, na hilo ndilo lililotusumbua.

Asubuhi yake, katika ua wa nyumba ya wageni ambao mwenyeji wetu alituruhusu kuegesha, tulitandika mkeka tukatoa kila kitu nje. Nyumbani tulikuwa tumepanga kwa aina, nguo na nguo, vyombo na vyombo. Mke wangu ndiye aliyeona kosa. "Baba Neema," aliniambia, "tupange kwa saa, tusipange kwa aina. Cha usiku kikae na cha usiku." Tochi, ndala, khanga, dawa za maumivu na chupa ya maji ya kunywa viliingia katika mfuko wa turubai wenye vijumba vitano, tukautundika upande wa kichwani, kila kitu katika kijumba chake, hivi kwamba mmoja wetu aliweza kuchukua alichohitaji gizani bila kumwamsha mwenzake. Vya chai ya alfajiri vikapata sanduku la karibu na mlango. Jeki na vipuri, ambavyo tuliomba tusivihitaji, vilikwenda mwisho. Kila kimiminika kilisimamishwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kisha mke wangu akaandika katika daftari mahali pa kila kitu, na tangu siku hiyo hatukuulizana tena kiberiti kiko wapi.

Niliwakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi waliopita katika nchi hii kwenda Ujiji katika karne ya 19, kila mmoja na mzigo wa takriban kilo 30 begani, na nadhani wao hawakuhitaji kufundishwa na asali.

Baada ya Kaliua miombo ni mingi na mbung'o hawakosi. Mdudu huyu hufuata gari linalotembea, na rangi ya buluu humvutia. Mapazia yetu ya kitenge yalikuwa ya buluu, kwa hiyo tuliyashusha tukafunga wavu wa chandarua kwenye madirisha. Wavu huo ulitusaidia tena karibu na mto Malagarasi, ambao ardhi yake oevu iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na ambako mbu ni wengi. Madirisha mawili yanayotazamana tuliyaacha wazi kidogo usiku kucha, maana pumzi za watu wawili hulowesha vioo na godoro. Kupika tulipika nje daima. Jiko la mkaa halifai kuingizwa ndani ya gari la kulala hata likiwa limebaki makaa tu, kwa sababu gesi yake ya sumu haina harufu na humuua mtu usingizini.

Uvinza, mji wa chumvi tangu zamani sana, tulilala mara moja. Ardhi ilikuwa na mteremko, nami nikalaza chupa ya maji sakafuni iwe pima maji yangu, nikasogeza gari mpaka kichwani pakawa juu kidogo kuliko miguuni.

Kigoma iko chini kuliko Tabora kwa mita 400 hivi, na joto lake la usiku tulilisikia mara moja. Feni ndogo ilizunguka hadi alfajiri kwa betri ya pili, iliyojaa mchana kwa paneli ya sola ya wati 100 na isiyoungana na ile ya kuwashia injini. Tulifungua mlango wa nyuma, tukashusha chandarua, tukalala tukitazama taa za wavuvi wa dagaa zikimulika ziwa, kwa kuwa mwezi haukuwepo.

Kesho yake huko Kibirizi binti mmoja muuza dagaa alitusalimu.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanetu. Hawa wamekauka?"

"Wamekauka vizuri, mama. Ila mkiwaweka ndani ya gari, nguo zote zitanuka."

Tulinunua ndoo nzima, tukakaza mfuniko na kuipandisha kwenye keria nyuma ya tairi la akiba, nikaifunga kamba mara mbili. Mke wangu alifungua daftari, akaongeza mstari chini ya maneno "Juu ya gari": dagaa, ndoo 1.