Siku ya bamvua kisiwani

Saa 11 alfajiri. Ratiba yangu inapangwa na bahari. Leo bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida; sasa yamejaa, mashua itafika hadi mchangani. Tukizubaa mpaka saa 4, bahari itakuwa imekupwa karibu mita 4 na kila mfuko wa chokaa utavushwa kichwani juu ya mawe. Niliwahi kubeba mmoja. Sirudii.

Mimi ni msanifu majengo. Mwaka huu ninasimamia vyumba sita vya hoteli ya kifahari kwenye kisiwa kidogo karibu na Unguja, kisicho hata na kisima kimoja.

Saa 1 na nusu. Fundi makuti keshapanda juu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Paa lako hili, mbona limesimama kama mnazi?" Ananiuliza hivyo kila siku, na jibu analijua kuliko mimi: kuti likilazwa hushika maji, likishika maji huoza.

Nami maji hayo nayataka. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 140, ukipima kivuli chake jua likiwa utosini, likipata mvua ya milimita 30 ni lita 4,200, toa zinazopotea njiani. Yanapita kwenye chujio la mchanga na kokoto, kisha yanaingia kwenye birika chini ya sakafu. Sikubuni mimi. Vibanda 7 vya wageni kwenye kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, vinaishi kwa mvua hivyo hivyo tangu miaka ya 1990.

Saa 4. Vyoo, na vicheko. Vibarua hawaamini kwamba mtu atalipa mamia ya dola kwa usiku aende choo kisichovutwa maji. Baada ya haja unatupia majani makavu na vumbi la mbao, bomba jeusi linapata joto la jua na kuvuta hewa juu, uchafu unageuka mboji. Nimewachukua hadi ukingoni, maji yamekupwa, nikamwaga ndoo ya maji kwenye mwamba. Yakamezwa papo hapo. Jiwe la matumbawe lina matundu kama sponji. Shimo la maji taka hapa lingevujia baharini, magugu ya bahari yakanenepa, matumbawe yakafunikwa. Na mgeni amekuja kuona nini kama si matumbawe? Mmoja akasema, "Basi, dada, tuchimbie choo kwa tajiri." Tumecheka sana.

Saa 7. Wali na changu wa kukaanga. Kisha simu ya mwenye mradi, anayeishi mbali, mwenye picha nyingi za hoteli za watu. Anataka ukuta wa kioo unaotazama bahari, na bwawa la kuogelea. Kioo cha magharibi ni jua la alasiri ndani ya chumba, ni kiyoyozi, ni jenereta, ni dizeli ndani ya mashua. Nimemweleza kwa upole. Bwawa nimeliacha kwanza. Vita viwili kwa siku moja siviwezi.

Saa 9. Kazi ninayoipenda. Nawasha udi katikati ya chumba cha tatu na kutazama moshi. Huu ni msimu wa kusi, upepo unaingia kwa dirisha la chini la kusini, lakini moshi umejikunja kwenye kona ya kitanda. Kona hiyo hiyo atakayolala mgeni! Tumekata nafasi ya mikono miwili chini ya paa, upande wa pili, na moshi ukatoka. Kwenye mchoro nilikuwa na uhakika kabisa.

Saa 11 jioni. Maji yamerudi, nahodha anapiga mluzi. Kabla ya kupanda nimeng'oa taa nyeupe ambayo fundi umeme kaifunga upande wa pwani. Vifaranga vya kasa hufuata mwanga wakidhani ndiyo bahari.

Tukiwa katikati ya mkondo, ujumbe wa mwenye mradi ukaingia: "Lile birika chini ya sakafu, tukilifunua juu, haliogeleki?"

Nahodha akaniuliza ninacheka nini.