Nilivyomtayarisha farasi wetu wa mbio za kuruka bila kumchana kano

Mkenya akisikia mbio za kuruka viunzi, anamfikiria Ezekiel Kemboi. Huku Uingereza wanaoruka ni farasi, na kwenye mbio za mashambani wapandaji ni wa ridhaa, hawalipwi hata senti. Mume wangu ni mmoja wao. Yeye anapanda siku ya mbio. Siku nyingine zote farasi ni kazi yangu, na huu ni msimu wa nne bila kano kuchanika.

Mbio zenyewe kwa kawaida ni maili 3, yaani karibu kilomita 4.8, zenye vizuizi 18 hivi vya fito za mti, vya kimo cha takriban mita 1.3. Msimu huanza Novemba. Kwa hiyo namtoa malishoni mwishoni mwa Agosti, tumbo limejaa kama ngoma. Wiki sita za kwanza ni barabarani tu: naanza na dakika 40 za kutembea, napandisha hadi saa moja na nusu, na kuanzia wiki ya nne naongeza mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole, kwenye vilima. Hapa ndipo wengi huharibu. Pumzi ya farasi hurudi mapema kuliko kano zinavyokomaa. Wiki ya tano anavuta hatamu, hahemi, unadhani yuko tayari, unampa mbio za shoti, yaani za kasi. Kano ya nyuma ya mguu wa mbele ikichanika, mwaka mzima umekwenda.

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla hajatoka na kabla maji hayajagusa miguu (maji baridi huficha joto), nachuchumaa na kuteremsha vidole polepole kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo, mguu wa kushoto kisha wa kulia. Sitafuti joto tu, natafuta tofauti. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, au kano ikiteleza kama imepakwa mafuta badala ya kuwa kavu kama kamba, siku hiyo hatoki, hata kama mbio ni kesho. Namwagilia maji baridi dakika 20 na kumpigia daktari wa mifugo ampime kwa altrasaundi. Kugombana na mume ni nafuu kuliko hiyo kano.

Chakula: nyasi kwanza, kisha nafaka kilo 6 kwa siku akiwa kwenye mazoezi makali, kwa milo minne. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake. Ukimrundikia zaidi ya kilo 2 kwa mlo mmoja, unamtafutia msokoto wa tumbo. Siku ya kupumzika napunguza nafaka nusu.

Siku ya mbio, nyumba nzima inafanya kazi. Mama mkwe anaendesha lori, shemeji anamtembeza farasi, mimi nashughulika na mizani. Hata kwenye mbio kubwa ni mambo ya familia: Sam Waley-Cohen, mpandaji wa ridhaa, alishinda Grand National mwaka 2022 kwa Noble Yeats, farasi wa baba yake.

Mizani ndiyo inayotoa jasho. Farasi akipangiwa kubeba stone 12, ni kama kilo 76: mume wangu na nguo zake kilo 68, tandiko na mikanda yake kilo 3, zinabaki 5 za risasi (ile metali nzito, si ya bunduki). Vipande vya risasi hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa kinacholala chini ya tandiko. Panga sawa pande zote mbili, na weka vyote mifuko ya mbele, karibu na mabega ya farasi. Vikikaa nyuma vinamgonga mgongo kila anapotua. Funga vifungo vya mifuko, kisha vivute tena kwa mkono. Mpandaji hupimwa kabla na baada ya mbio, na kipande kikidondoka kwenye kizuizi cha kumi anarudi mwepesi, ushindi unafutwa.

Akishavuka mwisho, mpandaji mwenyewe ndiye afungue tandiko na kwenda nalo mizani. Mimi nabaki na ndoo: maji mwili mzima, kuyakwangua, kumtembeza, tena na tena mpaka pumzi itulie. Jioni vidole vinarudi kwenye kano, na kesho yake asubuhi tena, maana uvimbe hupenda kusubiri usiku.