Kadi ya Mgao ya Hajja

Mapema Septemba 2018, nilipokuwa nikisoma Kiarabu mjini Amman, Jordan, kijana wa nyumba niliyopanga alinipeleka katika kambi ya Baqa'a, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya jiji, kumsalimu bibi yake, Hajja. Nilikulia Mpanda, jirani na makazi ya wakimbizi ya Katumba, nikadhani naijua kambi. Kumbe mahema ya Baqa'a yalikuwa ya mwaka 1968, ilipofunguliwa kwa waliokimbia vita vya Israeli na Waarabu vya mwaka uliotangulia. Mimi nilikuta nyumba za zege zilizobanana, vinyozi na soko la mboga.

Siku hizo gumzo lilikuwa moja tu. Tarehe 31 Agosti Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilitangaza kwamba haitatoa tena fedha kwa UNRWA, shirika lililoundwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mnamo Desemba 1949 kuwahudumia wakimbizi wa Kipalestina. Wajukuu wa Hajja walisoma katika shule za shirika hilo, na mama yao alikuwa akiuliza kila aliyeingia kama zingefikia mwisho wa mwaka.

Hajja mwenyewe hakuuliza. Alitoa mfuko wa plastiki chini ya godoro, na ndani yake mlikuwa na kadi ya mgao ya baba yake, iliyochakaa kwenye mikunjo, waliyopewa katika kambi ya Aqbat Jabr karibu na Yeriko baada ya kukimbia kijiji chao cha upande wa Ramla mwaka 1948. Unga, sukari na mafuta viligongewa alama humo mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo hadi leo naliona lilikuwa la kitoto. Nilijua kwamba yeye, kama Wapalestina wengi wa Jordan, alikuwa raia wa nchi hiyo. Nilijua pia kwamba Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000, waliokimbia mwaka 1972 pamoja na vizazi vyao, na majirani zetu wa Katumba walishangilia. Kwa nini basi yeye aendelee kujiandikisha kuwa mkimbizi?

Hakukasirika. Alisema uraia anaushukuru, umewasomesha na kuwasafirisha wanawe, lakini kadi ile ndiyo karatasi pekee ambayo mataifa yalikiri kwa mkono wao kwamba baba yake alitolewa mahali fulani. Azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa la Desemba 1948, linalozungumzia wakimbizi kurejea makwao, alilitaja kwa namba tu, kama mtu anayetaja namba ya kiwanja chake.

Kisha akageuza mazungumzo. “Na hao Warundi wenu, mwanangu, wanaruhusiwa kwenda kwao?”

Nikamwambia kwamba wapo niliowafahamu waliopanda basi hadi Burundi kuzika wazee wao, kisha wakarudi Katumba.

Akamtazama mjukuu wake, akamwomba anirudishie swali, asije akawa hakukisikia vizuri Kiarabu changu.