Jinsi nilivyoielewa logi kwenye milinganyo ya vipeo

Mlinganyo kama 2ˣ = 32 haukunisumbua. 32 ni 2⁵, vizio (namba za chini zinazobeba vipeo, yaani namba ndogo za juu) vimelingana, basi x = 5. Kigingi kilikuwa 3ˣ = 20. 3² ni 9, 3³ ni 27, kwa hiyo jibu liko kati ya 2 na 3. Lakini wapi hasa?

Kanuni niliijua kwa moyo: weka logi pande zote mbili, kipeo kinashuka. Nilichotaka ni kujua kwa nini kinashuka, na sikutulia mpaka niliporudi kwenye maana ya logi yenyewe. Kwa kizio cha 10, logi ya 3 ni 0.4771, yaani 10 ikibeba kipeo hicho inakuwa 3. Basi 3ˣ ni 10 yenye kipeo 0.4771x, na 20 ni 10 yenye kipeo 1.3010. Vizio vimelingana tena! Ni njia ileile ya 2ˣ = 32, ila safari hii namba zote mbili zimevishwa kizio kimoja. Kilichobaki ni 0.4771x = 1.3010, na x ni takriban 2.727. Mwanahisabati wa Scotland, John Napier, alipochapisha logi zake mwaka 1614 alikusudia kurahisisha hesabu ndefu za kuzidisha na kugawanya. Kwangu mimi uzuri wake mkubwa uko hapa.

Angalia kwamba hapo tunagawanya logi kwa logi. Ukitoa, 1.3010 − 0.4771, unapata logi ya 20/3, jambo jingine kabisa.

Baada ya hapo hata x ikikaa pande zote mbili nilijua pa kuanzia. Kwa 5ˣ⁺¹ = 8ˣ, naandika (x + 1)log 5 = x log 8. Mabano hayo ni ya lazima, maana kipeo chote ndicho kinachozidishwa. Nafungua, nakusanya x upande mmoja, nagawanya log 5 kwa log 8 − log 5: 0.6990 kwa 0.2041, takriban 3.42.

Penye kujumlisha, logi naiweka kando. Logi ya jumla haivunjiki vipande. Kwa 4ˣ + 8 = 6·2ˣ, naiita 2ˣ kuwa y, 4ˣ inakuwa y² kwa kuwa 4 ni 2², napata y² − 6y + 8 = 0. y ni 2 au 4, kwa hiyo x ni 1 au 2. Kama y moja ingetoka hasi ningeiacha, kwa sababu 2ˣ haiwi hasi wala sifuri.