Lengo la muda wa mzunguko: lenga mizunguko mitano, si mmoja

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wa Arusha na Moshi wanaojiandaa kuendesha kwenye uwanja wa mbio za magari kwa mara ya kwanza ni hili: "Kaka, nilenge dakika ngapi?" Kwa kawaida muulizaji huwa tayari ana namba kichwani, aliyoiokota kwenye video ya mtu mwenye gari linalofanana na lake, na anachotaka kwangu ni kuthibitishiwa kwamba inawezekana. Siwezi kumthibitishia hilo. Ninachomwambia ni kwamba asilenge mzunguko mmoja wenye kasi kuliko yote, bali alenge mizunguko mitano safi inayokaribiana, kisha aishushe yote mitano kwa pamoja.

Mdogo wangu anayeishi Moshi amepanga kwenda Kyalami, Afrika Kusini, na tumekaa mara kadhaa kupanga malengo yake, kwa hiyo nitaeleza kwa mfano wa uwanja huo. Kyalami uko Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, na tangu ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2016, mzunguko wake una urefu wa kilomita 4.522 na kona 16. Dereva anayeumaliza kwa dakika 2 na sekunde 21 anakwenda kwa wastani wa kilomita 115 kwa saa, yaani mita 32 kwa kila sekunde. Anayesema anataka "kukata sekunde tatu tu" anataka kuwa karibu mita 100 mbele ya pale alipokuwa amefika muda huohuo, na umbali huo haupatikani kwa kukanyaga mafuta zaidi kwenye sehemu moja.

Namba ya mtu mwingine haifai kuwa lengo, hata kama mtu huyo anasema kweli. Mfano mzuri uko Ujerumani, kwenye Nordschleife ya Nürburgring, uwanja ambao watengenezaji wa magari hupenda kutangazia sifa zao. Kwa miaka mingi muda wa magari hayo ulipimwa kwenye kilomita 20.6, ukiacha kipande kifupi kinachopita mbele ya majukwaa, na tangu mwaka 2019 muda rasmi hupimwa kwenye mzunguko mzima wa kilomita 20.832. Mita 232 za tofauti zinaongeza sekunde kadhaa, na bado watu wanaziweka namba hizo mbili bega kwa bega kana kwamba ni kitu kimoja. Ikiwa viwanda vikubwa vinahitaji maelezo ya pembeni ili namba zao zieleweke, video isiyotaja aina ya matairi wala hali ya hewa haiwezi kukupa lengo.

Liko pia suala la mwinuko, ambalo sisi wa Arusha tunaishi nalo bila kulitafakari. Jiji letu liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kyalami uko juu zaidi, kupita mita 1,500. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa nyepesi ina oksijeni pungufu ya kuchomea mafuta. Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, ambayo kiwanda kiliipa nguvu za farasi 210, ikifika mwinuko wa Kyalami inabaki na kama 180, wakati Subaru yenye turbo inapoteza kidogo tu kwa kuwa turbo inaweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Magari mawili yaliyokuwa sawa kwenye karatasi hayako sawa tena, na mwenye Altezza anayejipima kwa muda wa mwenye Subaru anajionea. Hewa hiyo nyepesi hupoza breki kwa udhaifu pia, jambo nitakalolirudia.

Namba ya kuanzia, basi, itoke kwako mwenyewe. Tuseme katika kipindi cha pili cha siku umepata mizunguko mitano isiyo na gari la kukuzuia wala kosa kubwa, yote ya dakika 2 na sekunde hizi: 24.1, 22.8, 25.6, 21.2 na 22.9. Wengi watarudi nyumbani na 21.2, waiandike kwenye kundi la WhatsApp, na safari ijayo waweke lengo la 20. Mimi naichukua 22.9, ambayo ukiipanga mizunguko hiyo kwa mfuatano inakaa katikati, na naitazama tofauti kati ya wa haraka na wa polepole, ambayo ni sekunde 4.4. Tofauti kubwa kiasi hicho inaonyesha kwamba dereva bado hajajua alichokifanya vizuri katika 21.2, na kitu usichokijua huwezi kukirudia. Lengo lake la kwanza liwe kuipata mizunguko mitano yote ndani ya sekunde 1.5, hata kama wa haraka kati yake utakuwa 22 kamili. Akishalifikia, ndipo aishushe ile ya katikati.

Watu wa rally wa ukanda wetu hawahitaji kuelezwa hili kwa kirefu. Safari Rally ya zamani, iliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki, haikuwa na tuzo kwa aliyekimbia kipande kimoja kuliko wote kisha gari likamfia porini. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mfululizo mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilifahamu zaidi kwa uvumilivu wake kuliko kwa mbio. Uwanja wa lami ni mchezo tofauti, lakini naamini dereva aliyelelewa na utamaduni wa kuhesabu jumla ya siku nzima ana msingi bora wa kujiwekea lengo.

Hatua inayofuata ni kuugawa mzunguko katika vipande vitatu na kutafuta muda bora wa kila kipande. Katika mfano wetu, tuseme vipande bora vilikuwa sekunde 41.0, 52.3 na 47.1, kila kimoja kikitoka katika mzunguko tofauti. Jumla yake ni dakika 2 na sekunde 20.4. Namba hiyo ndiyo lengo halali la mbele, kwa sababu kila sehemu yake umekwisha kuiendesha kwa mikono yako, siku ileile, kwa gari lilelile. Kilichobaki ni kuviunganisha, na kwa dereva mpya kazi hiyo peke yake inatosha safari nzima. Naiheshimu namba hii kuliko namba yoyote ya kutunga.

Malengo mengi huharibika kwa sababu mtu aliyeshuka sekunde sita asubuhi huamini atashuka nyingine sita jioni. Sekunde za mwanzo hutokana na kuijua njia. Za baadaye hudai mshiko wa matairi, na mshiko una bei kali. Kasi ambayo gari linaweza kupita nayo kwenye kona hukua kwa kipeuo cha pili cha mshiko, kwa hiyo ukitaka kupita kwa kasi iliyozidi asilimia 5 unahitaji mshiko uliozidi kama asilimia 10. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, gari lenye matairi mazuri ya barabarani litapita kwa karibu kilomita 75 kwa saa. Kufika 79 kunataka tairi la aina nyingine kabisa. Anayejilazimisha kufika huko kwa tairi lilelile ataishia kwenye majani.

Kwa hiyo lengo la sekunde nalitafsiri kuwa lengo la mahali. Badala ya kumwambia mdogo wangu "shusha nusu sekunde", namwambia ni kona ipi atafute kutoka vizuri zaidi. Kona inayofuatwa na sehemu ndefu iliyonyooka ndiyo yenye faida: ukitoka mapema na usukani umenyooka, ukaongeza wastani wako kutoka kilomita 180 hadi 182 kwa saa kwenye mita 700 za kunyooka, umepata takriban sekunde 0.15 bila kuhatarisha chochote. Kona mbili za namna hiyo zinakupa 0.3. Kinyume chake, kwenye Mineshaft, ule mteremko mkali wa Kyalami, nimemkataza kabisa kuweka lengo la kuchelewesha breki, kwa kuwa gari linaloshuka huchukua mita nyingi zaidi kusimama na nyuma yake huwa nyepesi.

Kifaa cha kupimia nacho kina mipaka yake. GPS ya simu nyingi husoma mahali ulipo mara moja kwa sekunde, na ukiwa kwenye kilomita 144 kwa saa unakuwa umesogea mita 40 kati ya usomaji mmoja na mwingine. Programu inakisia kilichotokea hapo katikati. Kwa kifaa kinachosoma mara 10 kwa sekunde pengo hilo ni mita 4. Anayetumia simu asishangilie tofauti ya sehemu ya kumi ya sekunde. Waandaaji wengine, hasa Uingereza, hawaruhusu kabisa kupima muda katika siku za wazi, yaani siku ambazo uwanja hufunguliwa kwa watu binafsi na magari yao, kwa sababu za bima, kwa hiyo kanuni za uwanja zisomwe kabla ya kulipa.

Sasa hali ya siku. Majira ya baridi, kati ya Juni na Agosti, asubuhi ya Kyalami inaweza kukaribia nyuzi sifuri na mchana ikapanda hadi karibu nyuzi 20. Tairi ulilolijaza upepo wa psi 32 asubuhi linaweza kurudi likiwa na 37 au 38 baada ya mizunguko michache, maana hewa iliyomo imepanda joto kwa nyuzi 35 hivi. Tairi lililojaa kupita kiasi hugusa lami kwa eneo dogo, na dereva anaona muda wake unaharibika akadhani ni yeye aliyechoka. Ndiyo maana kwenye daftari letu kila muda umeandikwa pamoja na saa, joto la hewa na upepo wa matairi manne, wa kabla na wa baada.

Breki ndizo zinazoamua lengo linaishia wapi. Gari la kilo 1,300 linaloshushwa kutoka kilomita 180 hadi 80 kwa saa linamwaga kwenye diski joto linalotosha kuchemsha sufuria la lita tatu na nusu za maji, na linafanya hivyo tena na tena katika kila mzunguko. Kabla ya mazoezi yetu ya hapa nyumbani, kwenye eneo la lami la kukodi ambalo tunalifunga na kulipanga koni, tuliipeleka Altezza ya mdogo wangu kwa fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha. Alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akatumbukiza kipimo chake chenye taa, ikawaka nyekundu. "Bosi, hii imeshakunywa maji," akasema, "mjini itakupeleka mwaka mzima, huko mnakokwenda haikufikishi mzunguko wa nne." Alisema kweli tupu. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishafyonza unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155, na yakichemka hutoa mapovu yanayobonyea, ukakanyaga pedali ikaenda hadi sakafuni. Lengo lolote la muda linaloambatana na mafuta ya zamani nalikataa hata lingekuwa dogo namna gani.

Na pasiwe na yeyote anayejipimia muda kwenye barabara ya Arusha–Moshi. Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe wanavuka watoto wa shule, bodaboda wanaingia bila kutazama, na kasi ya kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi imewekwa kwa ajili yao. Nimewahi kutoa watu kwenye kundi letu la mazoezi kwa sababu hiyo, na nitafanya hivyo tena.

Mpango wa mdogo wangu umekaa hivi. Gari atalikodi hukohuko. Kipindi cha kwanza na cha pili saa itakuwa imezimwa na atakuwa na mwalimu pembeni. Kazi yake ni kuijua njia na kuzijua bendera za ishara za uwanjani. Kipindi cha tatu atawasha saa, atafute mizunguko mitano safi, na asiitazame hadi arudi kwenye maegesho. Hapo atanipigia simu, tuandike ile ya katikati na vipande vitatu, tuchague kona moja tu ya kufanyia kazi. Kipindi cha nne kitakuwa cha kona hiyo, na lengo litakuwa mizunguko mitano ndani ya sekunde 1.5. Mvua ikinyesha lengo linafutwa, kwa kuwa muda wa lami yenye maji haulinganishwi na wa lami kavu. Mzunguko wa mwisho wa kila kipindi ataendesha polepole, akigusa breki kidogo iwezekanavyo ili zipoe, na akiegesha ataacha gari kwenye gia bila kuvuta breki ya mkono, maana pedi zenye joto zikibanwa kwenye diski iliyosimama hushika palepale.